Trebusheti ya mbao kwa mtoto wa darasa la sita: hapo fizikia iko wapi?

Dada mmoja kaniandikia: "Mwalimu shikamoo. Nina kijana wa darasa la sita na mdogo wake wa darasa la nne, wote wanapenda sana kugongagonga mbao. Tumeshatengeneza mnara wa Eiffel wa njiti na piramidi la maboksi, vimependeza kweli, lakini nikimuuliza mkubwa nyenzo ni nini ananisomea daftari, manufaa ya kimakanika ni mzigo gawanya kwa jitihada, basi, hata hiyo jitihada yenyewe haijui. Nimesikia kuna watu wanafundisha fizikia kwa kujenga modeli za mashine za kale. Nianze na ipi, na nifanyeje wajifunze kweli wasiishie kucheza?"

Marahaba dada yangu, na hongera sana kwa kuwapa watoto nyundo na msumeno. Jibu la haraka ni hili, jengeni trebusheti. Ila mkiijenga kama mlivyojenga huo mnara itakuwa pambo lingine la kuweka juu ya kabati, kwa hiyo nivumilie nieleze kwa kirefu kidogo.

Mnara wa njiti ukikamilika umekamilika, hakuna cha kuuliza tena, unasimama tu pale wageni wanausifia. Mashine inayofundisha fizikia ni ile ambayo ikikamilika ndo kazi inaanza, yaani ina kitu inachofanya, hicho kitu unaweza kukipima kwa futi na mizani ya dukani, na mtoto akibadilisha sehemu moja matokeo nayo yanabadilika anaona mwenyewe. Na kabla hajabadilisha lazima aseme anadhani itakuwaje, aandike kabisa kwenye daftari. Hapo kwenye kusema kabla mimi siwezi kulegeza hata kidogo, maana mtoto aliyetabiri halafu ikawa tofauti atakuganda na maswali mpaka usiku, wakati aliyetazama tu atapiga makofi akaenda zake kunywa maji.

Trebusheti ni ile mashine ya kurusha mawe kwenye vita vya zamani, Waarabu waliiita manjaniki. Iko hivi: mti mrefu umelazwa juu ya ekseli, yaani kile chuma unachozungukia, upande mfupi umening'inizwa mzigo mzito sana, upande mrefu umefungwa kombeo lenye jiwe. Unavuta upande mrefu mpaka chini, mzigo unapanda juu, unabana na kizuizi, ukifyatua mzigo unashuka, mti unazunguka, kombeo linafuata kwa nyuma linajikunjua kwa kasi na jiwe linaondoka. Haina springi, haina mpira kama manati, haina baruti, nguvu yote inatoka kwenye kitu kizito kinachoanguka, ndo maana naipenda kuliko nyingine zote, mtoto anaona kabisa nishati inapoingilia na inapotokea.

Wakati mnapima na kukata mbao wasimulie ilikotoka, maana historia yake yenyewe ni fizikia. Za mwanzo zilikuwa China, karne kadhaa kabla ya Kristo, na hazikuwa na mzigo, ilikuwa kundi la watu wanavuta kamba kwa pamoja upande ule mfupi. Sasa watu wanachoka, halafu hawavuti sawasawa kila mara, leo wamevuta hivi kesho vile, kwa hiyo jiwe linaangukia popote. Kufika karne ya 12 huku Mediteranea watu wakaweka boksi la mawe na udongo mahali pa wavutaji, na Mardi al-Tarsusi alipomwandikia Sultani Salahuddin kitabu cha silaha karibu na mwaka 1187 aliielezea humo. Mwaka 1273 mashine ikarudi China ikiwa ya mzigo, Kublai Khan aliwaita wahandisi wawili Waislamu kutoka Uajemi, Ismail na Alauddin, wakaijenga nje ya mji wa Xiangyang ambao ulikuwa umezingirwa miaka kadhaa bila kuanguka, na mji ukasalimu amri. Muulize mkubwa wako mzigo una faida gani kuliko watu mia wanaovuta, mwache afikirie. Jibu ni kwamba mzigo uleule ukiangushwa kutoka urefu uleule unatoa nishati ileile kila mara, kwa hiyo unaweza kulenga, ukikosa unarekebisha kitu kimoja unarusha tena.

Haya tujenge. Boriti iwe ubao mnyoofu wa mbao ngumu, urefu sentimita 60, toboa tundu sentimita 12 kutoka mwisho mmoja, hivyo upande mfupi una 12 na mrefu una 48, ni uwiano wa moja kwa nne, na kwa mashine ndogo huo uwiano unafanya kazi vizuri. Ekseli ni kipande cha nondo nyembamba au msumari mkubwa, upake grisi. Nguzo mbili ziwe pana chini zimeegemezwa vizuri zisiyumbe, zishike ekseli sentimita 40 kutoka kwenye kitako, na kati ya nguzo na nguzo pawe na nafasi ya kama sentimita 20 mzigo upite bila kugusa. Mzigo ni kopo tupu la maziwa ya unga, weka mchanga mpaka lifike kilo 2 kwenye mizani ya mangi hapo dukani, funika vizuri lisimwagike, litobolewe pembeni liwekewe waya kama mkono wa ndoo, lining'inie karibu na ncha ya boriti bila kubanwa, liweze kubembea. Kombeo ni kitambaa cha jinzi kama upana wa kiganja cha mtoto, na kamba mbili za katani nyembamba za sentimita 40 hivi. Kamba moja inafungwa kabisa kwenye ncha ya boriti, nyingine ina kitanzi kinachovaa kwenye msumari usio na kichwa uliopigwa pale kwenye ncha ukiangalia mbele, maana hicho kitanzi kinatakiwa kichomoke chenyewe. Chini katikati ya nguzo weka ubao laini kombeo liteleze juu yake kabla halijapanda.

Cha kurusha kiwe kifuko kidogo cha kitambaa chenye maharage, gramu 20. Jiwe hapana dada, kabisa, hata kama wataomba. Kifyatuo ni msumari unaochomolewa kwa kamba ndefu ya mita tatu au zaidi, kila mtu asimame ubavuni mwa mashine, mbele hapana na nyuma hapana, maana kombeo likiachia mapema sana kitu kinaweza kwenda juu au hata nyuma kabisa. Na wakati kopo liko juu hakuna kidole kupita chini yake.

Sasa siku ya kwanza msirushe chochote. Najua watalia, ila siku hiyo ni ya nyenzo, na ukiiruka ndo unarudi kwenye kukariri. Hii boriti ni nyenzo daraja la kwanza, yaani egemeo liko kati ya mzigo na jitihada: egemeo ni ekseli, mzigo ni kopo, jitihada ni nguvu yoyote unayotia kwenye ncha ndefu. Mwambie mkubwa anyanyue kwanza kopo kwa mkono, kilo 2, asikie uzito wake. Halafu liko kwenye boriti, aibonyeze ncha ndefu kwa kidole kimoja. Uso wake utakuambia. Ndo umuulize sasa, je ningening'iniza mfuko wa rambo huku kwenye ncha na kuutia mchanga kidogokidogo mpaka boriti isimame sawa, mchanga utafika gramu ngapi? Kanuni anaijua tayari ya kukariri, mzigo mara mkono wa mzigo ni sawa na jitihada mara mkono wa jitihada, aitumie: 2 mara 12 ni 24, gawanya kwa 48, nusu kilo. Hiyo kanuni Archimedes wa Siracusa aliiandika karne ya 3 kabla ya Kristo, na huyu mtoto leo anaitabiria mchanga.

Halafu mpime kweli, na haitafika nusu kilo. Ubao wenu ukiwa na gramu 250 hivi itasimama kwenye kama gramu 400. Hapo usiseme chochote dada, kaa kimya, hii ndo sehemu tamu kuliko zote. Wengine watasema mizani mbovu, wengine watasema tumekosea kupima, wapime tena, itakuja ileile. Mmoja mwishowe atasema boriti yenyewe ina uzito, na ule upande mrefu unajivuta wenyewe chini, unawasaidia. Mtoto akifika hapo mwenyewe hiyo kanuni ya nyenzo haitamtoka tena, maana ameona inapofanya kazi na ameona kitu ambacho daftari lilikiacha, daftari linachora nyenzo kama mstari usio na uzito.

Kuna kingine cha kupima siku hiyohiyo. Kopo likipanda sentimita 20, ncha ndefu imeshuka sentimita 80. Jitihada ni robo, safari ni mara nne. Mwambie azidishe: uzito wa kilo 2 ni kama nyutoni 20 (nyutoni ni kipimo cha nguvu), mara mita 0.2, ni jouli 4 (jouli ni kipimo cha kazi na nishati). Upande wa kidole, tukisahau uzito wa boriti kwa sasa, nyutoni 5 mara mita 0.8, jouli 4 vilevile. Yaani nyenzo haikupi kazi ya bure hata kidogo, inakubadilishia tu, uchague nguvu kubwa kwa safari fupi au nguvu ndogo kwa safari ndefu. Uwiano wa mwendo wanaoandika shuleni ndo hiyo nne, wameuona kwa sentimita.

Siku ya pili mrushe, nendeni uwanjani. Kabla ya kurusha wapige hesabu ya mwisho wa uwezo: jouli 4 zote zikiingia kwenye kifuko cha gramu 20, kingetoka kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde, na kikiachiwa kwa nyuzi 45 kingeangukia mita 40 mbele. Wa darasa la sita hahitaji kujua hiyo hesabu inavyotoka, mpe tu 40 kama dari ambalo hakuna mashine ya namna hii itakayolivuka. Mkipata mita 12 mmefanya vizuri kwa mara ya kwanza. 12 gawanya kwa 40 ni asilimia 30, na hiyo ndo ufanisi, lile neno lingine la kwenye daftari. Sasa swali la maana kuliko yote kwenye somo zima: zile asilimia 70 zimeenda wapi? Warudishe kwenye mashine waitazame, mrekodi kwa simu ile video ya mwendo wa taratibu halafu mtazame pamoja. Wataona kopo bado linabembea kwa nguvu baada ya kifuko kuondoka, hiyo ni nishati iliyobaki kwenye mzigo. Boriti inaendelea kuzunguka, na ilibidi inyanyuliwe upande wake mrefu, ile nayo imekula sehemu yake. Fremu imeruka na kutikisika. Ekseli imekwaruza, hewa imezuia. Kila upotevu una jina na mahali pake, na mingi inarekebishika.

Kwenye kombeo ndo nakuomba mkae muda mrefu. Anzeni bila kombeo, mgongomelee kikombe cha plastiki kwenye ncha mrushe, mpime, halafu rudisheni kombeo. Tofauti ni kubwa, kifuko kinaenda mbali sana zaidi, na hakuna mtu aliyeongeza mzigo. Kombeo linafanya mkono wa boriti uwe mrefu zaidi pale mwishoni tu, wakati mzigo umeshachukua kasi, na ukitazama video utaona mashine iliyopangwa vizuri boriti inakaribia kupungua kasi kabisa wakati kombeo linamalizia, maana nishati imehamia kwenye kifuko. Halafu kuna ule msumari wa kwenye ncha. Ukiwa umenyooka sambamba na boriti kitanzi kinachomoka mapema na kifuko kinaenda juu sana kinaangukia karibu, mkiukunja kidogo kwa koleo kitanzi kinachelewa, kinaenda chini zaidi na mbele, mkiuzidisha kinajipigiza chini hapo miguuni. Kati ya hapo na hapo kuna mkunjo mmoja unaotupa mbali kuliko yote, na watoto wataupata kwa kujaribu tu, kama mafundi wa zamani walivyoupata. Hao mafundi hawakuwa na fomula yoyote, Galileo alichapisha mwaka 1638 kwamba kitu kilichorushwa kinafuata mkunjo wa parabola, na wakati huo mashine hizi zilikuwa zimeshafanya kazi karne kadhaa na mizinga imeshazistaafisha.

Baada ya hapo badilisheni kitu kimoja kimoja, mara zote kimoja, mkibadilisha viwili kwa pamoja hamtajua kipi kimeleta nini. Kifuko kizito mara mbili kitaenda wapi? Watoto wengi husema mbali zaidi kwa sababu kizito kina nguvu, na watashangaa. Mzigo kilo 4 badala ya 2, je umbali utazidi mara mbili? Utazidi, ila kwa kawaida hautafika mara mbili, watafute kwa nini. Kopo likifungwa kwa nguvu lisibembee? Hapo umbali utapungua, maana kopo linalobembea linashuka wima zaidi na lile lililobanwa linalazimishwa kuzunguka pamoja na boriti. Na mwisho wekeni magurudumu chini ya fremu, kila mtu atasema itapoteza nguvu kwa kurudi nyuma na kwenda mbele, kumbe mara nyingi inarusha mbali zaidi, maana fremu inasogea na mzigo unapata kushuka karibu na mstari wima. Wanahistoria na maseremala waliojenga mashine za ukubwa kamili karibu na ngome ya Urquhart huko Scotland walijaribu ya magurudumu na isiyo na magurudumu, kwa hiyo hili swali watu wazima kabisa wamelitolea jasho. Na kama watoto wanataka kuona ukubwa wake, tafuta picha za ile ya Warwick Castle Uingereza, ilijengwa mwaka 2005, ina urefu wa mita 18 na uzito wa tani 22.

Labda moyoni unajiuliza mbona nafundisha watoto silaha. Swali halali. Mimi sifichi, nawaambia ilifanya nini. Mwaka 1304 Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza aliizingira ngome ya Stirling, mafundi wakamjengea trebusheti kubwa iliyoitwa Warwolf, waliokuwa ndani wakataka kusalimu amri akakataa mpaka kwanza airushie ngome mashine yake mpya. Wasikie hilo, mtoto wa darasa la sita anaweza kulipima mwenyewe. Shabaha yenu iwe ndoo au tairi lililolazwa chini, kamwe isiwe mtu, mnyama wala sanamu la mtu.

Na yule wa darasa la nne mjengee shadufu, ile ya kuchotea maji Misri kando ya Nile, ina zaidi ya miaka 3000 na bado inaeleweka kwa kuitazama tu. Ni boriti ileile, egemeo lilelile, upande mmoja bonge la udongo upande mwingine ndoo. Mwambie aongeze na kupunguza udongo mpaka ndoo iliyojaa ipande kwa kidole. Kisha umuulize kwa nini sasa ndoo tupu inakuwa ngumu kuishusha kwenye maji, na kama hilo ni hasara au la. Mchotaji wa shadufu anavuta kamba kwenda chini akitumia uzito wa mwili wake, na udongo unamsaidia kupandisha maji, amehamisha kazi ngumu kwenye mwelekeo ulio rahisi kwa mwili. Kwa maoni yangu hiyo ni akili kubwa sana, na inafaa mtoto aikute mapema. Huyo mdogo pia ndo awe karani wa umbali siku ya kurusha, ashike futi, kila kipimo warushe mara tatu kisha achukue kile cha katikati.

Mkimaliza hizo mbili nendeni kwenye roda, vile vigurudumu vya kupitishia kamba ya kunyanyulia mizigo. Vitruvius, Mrumi wa karne ya 1 kabla ya Kristo, ameeleza kreni ya roda tatu, na roda zenu ziwe vile vigurudumu vya plastiki vinavyobaki uzi wa cherehani ukiisha. Ukiwa karibu na pwani wapeleke bandarini wakaone mabaharia wa jahazi wanavyopandisha foromali, ule mti unaobeba tanga, kwa henza (kamba ya kupandishia) na kapi (roda yao), ni mashine hiyohiyo iko kazini. Skrubu ya Archimedes nayo ni rahisi, zungusheni mpira mwembamba wa maji unaoonyesha ndani kwenye bomba la plastiki, ncha moja kwenye beseni la maji yenye rangi, lazeni kwa nyuzi 30 hivi mzungushe, kisha wainue mlalo kidogokidogo watafute ni wapi maji yanakataa kupanda.

Ile ya mvuke ya Heron wa Aleksandria, kale katufe kanakozunguka, iacheni kwanza. Kopo la chuma lililozibwa likiwekwa kwenye moto ni bomu, haijalishi liko dogo kiasi gani. Hiyo itangoja mkubwa akiwa sekondari, maabara, na mwalimu amesimama pembeni.

Kwa ratiba, usiwabane. Boriti na fremu zinaweza kula Jumamosi nzima, nyenzo Jumamosi nyingine, kurusha nyingine tena, na kubadilisha kitu kimoja kimoja kunaweza kuwapeleka likizo nzima bila wao kuchoka. Daftari liwe moja tu la wote wawili, ukurasa umegawanywa, kushoto tulidhani, kulia ilikuwa, na katikati ya ukurasa pachorwe msumari ulivyokunjwa siku hiyo, maana wasipouchora wiki ijayo hawataukumbuka na mtaanza kuutafuta upya.